Kushona Kifuniko cha Uso cha Kuvizia Ndege kwa Kamera

Anayemvizia mdiria kwenye mafunjo ya Dunga, nje kidogo ya mji wa Kisumu, hugundua mapema kwamba shati la kijani peke yake halimfai kitu. Ndege hutua, hugeuza kichwa mara moja, kisha huondoka kabla kamera haijainuliwa, na mara nyingi kilichomtisha si shati wala viatu bali ni uso, yaani kitu cha mviringo kinachong'aa kwa jasho na chenye macho mawili yanayotazama mbele kama ya mnyama mla nyama. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuchagua kifuniko cha uso kilichokwisha tengenezwa, au kushona chako mwenyewe kwa vitambaa vinavyopatikana katika masoko ya kawaida ya Kisumu, Nakuru na Kakamega, na jinsi ya kukitumia bila kujitia matatani.

Maelezo mengi kuhusu vifuniko hivi yaliandikwa kwa ajili ya wawindaji wa nchi nyingine, hasa Marekani, ambako wanaomvizia bata mzinga wa porini hufunika uso na mikono kwa sababu ndege huyo huona rangi vizuri mno. Hapa Kenya uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliendeleza msimamo huo. Kwa hiyo kuvizia ninakokuzungumzia hapa ni kuvizia kwa kamera, kwa darubini au kwa daftari la kuorodhesha ndege. Ufundi wa kujificha ni ule ule, ila baadhi ya mashauri ya wenzetu hayatuhusu: wao, kwa mfano, huonywa wasivae nyekundu, nyeupe wala buluu kwa kuwa hizo ndizo rangi za kichwa cha bata mzinga dume, na mwindaji mwingine anaweza kuwafyatulia risasi kwa kudhani ameona windo. Hatari ya kwetu ni ya namna nyingine kabisa, na afadhali niieleze kabla hujafungua mkoba wa pesa.

Mambo mawili ya kuzingatia kabla ya kununua

La kwanza ni madoa ya kijeshi. Katika mitumba utakutana na kofia, skafu na barakoa zenye mabaka ya kijani, kahawia na meusi, nyingine zikiwa zimetoka katika majeshi ya nje na nyingine zikiwa zimeigwa tu, na bei yake hushawishi. Ziache pale pale. Sheria ya Kenya inamkataza raia kuvaa sare za jeshi bila idhini, na askari anayekukuta kando ya barabara umevaa kitu kinachofanana na kombati hatakuwa na subira ya kusikiliza hoja kwamba mabaka yako ni ya nchi nyingine au ya duka la wawindaji. Kila ninachopendekeza hapa chini kimekusudiwa kufanana na majani, nyasi na vivuli vya mahali fulani, na mtu akikiona mkononi mwako akione kama tambara la mkulima kuliko vazi la mwanajeshi.

La pili ni watu. Mtu aliyefunika uso akichomoza kutoka kwenye mafunjo saa kumi na mbili asubuhi atachukuliwa kuwa mwizi wa nyavu au wa injini za mashua, na wavuvi hawatamwuliza maswali mengi. Kanuni ninayoifuata mimi ni kwamba kifuniko hukaa mfukoni hadi nimeshaketi mahali pangu, na hurudi mfukoni kabla sijasimama. Ukifika ufukweni, wasalimie waliopo, waeleze wasimamizi wa ufuo kwamba unapiga picha za ndege, na ikiwezekana waonyeshe chombo chenyewe wacheke mapema. Katika Msitu wa Kakamega, ambao sehemu yake ya kaskazini upande wa Buyangu iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na sehemu ya Isecheno chini ya Huduma ya Misitu, lipa ada ya kuingia na umjulishe askari wa zamu mahali utakapokaa. Katika Hifadhi ya Ziwa Nakuru hali ni rahisi zaidi, kwa kuwa wageni hawaruhusiwi kushuka garini isipokuwa katika sehemu zilizotengwa, na kwa hiyo huko gari lenyewe ndilo kibanda chako cha maficho. Nitaeleza baadaye jinsi ya kulifunika dirisha.

Ndege anaona nini anapokutazama

Ukielewa sehemu hii, hatua za kushona zitajieleza zenyewe, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Miongozo ya nje husema kwamba uso hufunikwa kwa sababu ngozi nyeupe huonekana kutoka mbali, na msomaji wa kwetu anaweza kudhani kwamba ngozi nyeusi imekwisha jificha yenyewe. Si kweli. Ngozi yoyote yenye jasho au mafuta hurudisha mwanga, na katika ngozi nyeusi mng'ao huo huonekana wazi zaidi kwa sababu unazungukwa na weusi. Paji la uso, ncha ya pua, mashavu na kidevu huwa kama vioo vidogo vinavyogeuka kila unapogeuka. Anayetaka ushahidi ampige picha mwenzake aliyekaa kivulini saa nne asubuhi, kisha aikuze ile picha. Jambo la kwanza, basi, ni kuua mng'ao.

Jambo la pili ni umbo. Ndege na wanyama wengi hutambua uso kwa mpangilio wake, macho mawili sambamba juu na mdomo chini, na mpangilio huo hubaki hata ukiupaka rangi gani, iwapo rangi yenyewe imepakwa sawasawa pande zote mbili. Ndiyo maana barakoa ya kijani tupu haisaidii sana: inageuza uso wa binadamu kuwa uso wa binadamu wa kijani. Baka moja kubwa linaloanzia juu ya jicho la kushoto, likavuka pua na kuishia chini ya taya la kulia, hufanya kazi kuliko madoa ishirini madogo yaliyotapakaa kwa usawa, kwa kuwa madoa madogo yakitazamwa kwa mbali huchanganyika yakawa rangi moja na umbo likarudi palepale.

Kuhusu rangi, ndege wengi wana aina nne za chembe za kutambua rangi machoni, ilhali sisi tuna tatu, na wengi wao huona sehemu ya miale ya urujuanimno ambayo sisi hatuioni kabisa. Hapo ndipo sabuni inapoingia. Sabuni nyingi za unga huwa na kemikali za kung'arisha weupe, ambazo hupokea miale hiyo na kuitoa tena kama mwanga wa buluu, na kitambaa kilichofuliwa kwazo huweza kumeremeta hata kama sisi tunakiona cha kahawia iliyofifia. Huna haja ya maabara ili kujua: azima ile taa ndogo ya zambarau ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia, ingia nayo chumba chenye giza, uimulike nguo yako. Ikiwaka buluu, usiitumie usoni.

Wanyama wenye kwato, kama swala na kuro wa Nakuru, wana aina mbili tu za chembe hizo. Nyekundu na ya machungwa kwao hufifia, lakini buluu huiona vyema, kwa hiyo suruali ya jinzi ni nguo mbaya kuliko watu wanavyodhani. Hata hivyo, kifuniko cha uso hakitakuficha puani mwao, na anayemvizia nzohe, yule swala wa vinamasini, katika kinamasi cha Saiwa, karibu na Kitale, atazame upepo kabla ya kutazama mavazi. Kima na mbega wa Kakamega, kwa upande wao, huona rangi takriban kama sisi, na baada ya dakika kumi watakuwa wamekugundua kwa vyovyote vile.

Aina za vifuniko na ipi ichaguliwe

Rangi ya kupaka usoni ndiyo nyepesi kubeba na ndiyo ninayoipenda kidogo kuliko zote. Mkaa wa kuni uliosagwa laini ukachanganywa na mafuta ya mgando huua weupe lakini mafuta yenyewe huleta mng'ao, na katika joto la Kisumu mchanganyiko huo huteremka hadi machoni. Masizi ya matairi au ya taa ya mafuta yasiguswe usoni kamwe.

Soksi ya kichwa inayoacha macho peke yake huuzwa kwa wingi kwa waendesha bodaboda. Inafaa alfajiri ya Nakuru, mji ulio takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ambako asubuhi ya mwezi wa Julai inaweza kukutetemesha. Lakini huziba masikio, na mtu aliyeziba masikio kando ya ziwa lenye viboko amejinyima kinga yake ya kwanza. Kwa sababu hiyo hiyo sipendekezi skafu nzito iliyozungushwa kichwani. Skafu nyepesi ya mviringo, ile ya kuvuta kutoka shingoni hadi puani, inakubalika ikiwa huna kitu kingine, ingawa hubana pumzi na kufanya miwani iingie ukungu.

Inabaki neti ya kuning'inia kutoka ukingoni mwa kofia, nayo ndiyo tutakayoishona. Hewa hupita, masikio husikia, mbu hupata taabu, na jasho halikusanyiki. Fundi wa soko la Kibuye, mjini Kisumu, niliyempelekea ya kwanza aliigeuzageuza mikononi, akaniuliza, "Mzee, umeanza kufuga nyuki?" Tulicheka, lakini swali lake lilinipa wazo zuri, kwa sababu shela ya mfuga nyuki inaweza kuwa msingi wa kifuniko hiki kwa mtu asiyetaka kushona: ina kofia tayari na neti yake ya mbele kwa kawaida ni nyeusi. Ukiipata, ondoa kitambaa cheupe au kipake rangi, kisha uruke moja kwa moja hadi hatua ya kushonea mabaka.

Kitambaa

Usitumie chandarua. Vyandarua vinavyogawiwa katika kaunti za kandokando ya ziwa huwa vimetiwa dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo huwasha ngozi na macho ikikaa karibu nayo kwa saa nyingi. Isitoshe, chandarua kimoja kilichokatwa ni kitanda kimoja kisicho na kinga dhidi ya malaria. Nunua mita moja na nusu ya neti laini, ile inayotumika katika shela za harusi na magauni ya watoto, yenye matundu ya milimita 1 hadi 2. Inapatikana katika duka lolote la vitambaa.

Rangi ya neti iwe nyeusi au kahawia iliyokoza sana. Hapa nilikosea mwanzoni, na kosa hilo huwapata wengi. Nilinunua neti ya kijani kibichi kwa kuwa mafunjo ni ya kijani, nikaishona vizuri, nikaivaa, na jua lilipochomoza sikuona kitu ila ukungu wa kijani. Sababu ni kwamba nyuzi za rangi hafifu zikipigwa na jua hutawanya mwanga kuelekea machoni mwako, ilhali nyuzi nyeusi humeza mwanga huo na jicho likapita katikati yake kana kwamba hazipo. Neti nyeusi huonekana kutoka nje kama kivuli, na kivuli kipo katika kila kichaka. Rangi za mahali utazishonea juu yake kwa mabaka ya kitambaa.

Kwa ajili ya mabaka, tafuta tisheti mbili au tatu za pamba tupu zilizochakaa. Pamba iliyochakaa haing'ai na huning'inia kama jani lililokauka, ambapo poliesta hubaki na mng'ao wa plastiki hata ikizeeka. Ili kujua rangi unazohitaji, nenda mahali utakapokaa, piga picha kwa simu kutoka pale ndege atakapokuwa, kisha uigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Utaona kwamba kinachotawala ni viwango vya giza na mwanga, na kwamba ukivipata hivyo, kosa dogo la rangi halina madhara makubwa. Mafunjo ya Dunga yana kijani cha katikati chenye mistari ya mabua makavu ya rangi ya majani ya kuezekea. Ndani ya Msitu wa Kakamega karibu kila kitu ni giza, kahawia nzito na nyeusi, na vipande vichache tu vya mwanga vinavyopenya. Kandokando ya maziwa ya Nakuru na Elementaita, wakati wa kiangazi, nyasi ni za rangi ya ngano na kijivu. Ukishona kifuniko kimoja cha kutumia kote, shona cha Kakamega, kwa kuwa kivuli kinakubalika kwenye mafunjo kuliko ukijani unavyokubalika gizani.

Tisheti nyeupe au ya rangi hafifu inaweza kutiwa rangi nyumbani kwa majani ya chai, nayo chai ndiyo kitu tusichokosa upande huu wa nchi. Ifue kwanza kwa maji ya moto ili kutoa mafuta. Chemsha gramu 100 za majani ya chai katika lita 2 za maji kwa dakika 20, chuja, kisha loweka kitambaa kilicholowana tayari kwa saa moja ukitaka hudhurungi nyepesi, au usiku kucha ukitaka iliyokolea. Kwa upande wa kijivu na karibu-nyeusi, tia misumari yenye kutu katika chupa ya plastiki yenye siki na maji nusu kwa nusu, usikaze kifuniko kwa sababu gesi hutoka, uiache siku tatu au nne. Kitambaa kilichotoka katika chai kikichovywa humo hubadilika rangi mbele ya macho yako, kwa kuwa tanini ya chai na chuma vikikutana hutoa weusi. Dakika tano zatosha. Ukikiacha muda mrefu, chuma hudhoofisha nyuzi na kitachanika. Suuza mara tatu, anika kivulini, na sufuria uliyotumia isirudi kupikia.

Kukata na kushona

Anza na kofia. Ile laini yenye ukingo wa sentimita 5 hadi 6 pande zote ndiyo inayofaa, kwa kuwa ukingo huisukuma neti mbele isiguse pua wala mdomo. Pima mzunguko wa kofia pale kichwa kinapokutana na ukingo. Kwa watu wazima wengi hupatikana kati ya sentimita 58 na 64.

Kata neti yenye upana wa sentimita 110 na urefu wa sentimita 50. Unganisha ncha mbili fupi ili upate kitu kama bomba, na mshono huo ndio utakaokaa kisogoni. Kunja ukingo wa juu sentimita 2.5, ushone kwa cherehani au kwa mkono ukiacha mwanya mdogo, kisha upitishe lastiki iliyo fupi kwa sentimita 5 kuliko mzunguko wa kofia. Ukingo wa chini nao ukunje sentimita 1.5 na kupitishiwa lastiki nyembamba iliyolegea, ya kukaa mabegani bila kubana. Wengine hutia kamba hapo chini na kuifunga. Mimi nakataa kamba shingoni, kwa kuwa ukinaswa na tawi au ukilazimika kukimbia, lastiki itavuka kichwa na kamba haitavuka.

Sasa vaa kofia na neti, keti kama utakavyoketi, na umwombe mtu aliye nyumbani akuwekee alama ya chaki mbele ya macho. Usijiwekee mwenyewe mbele ya kioo, kwa sababu ukiinua mkono neti nayo hupanda. Kama unatumia darubini tu unaweza kuiacha neti nzima, lakini mpiga picha anahitaji mwanya, kwa kuwa neti iliyo kati ya jicho na kioo cha kamera hufanya picha ionekane imefifia na mtu asijue kama imelengwa sawasawa. Kata mwanya wa sentimita 13 kwa 4, au 16 kwa 5 ikiwa unavaa miwani, upande mmoja ukiwa juu kidogo kuliko mwingine ili usiwe mstari ulionyooka. Zungushia mwanya utepe wa tisheti nyeusi wenye upana wa sentimita 2, kisha uache vipande viwili au vitatu vya kitambaa vikining'inia kutoka juu yake kama nyusi, ili vitie kivuli kwenye weupe wa macho.

Kabla ya kuendelea, fanya jaribio moja. Vaa kifuniko, tazama mbele, nyosha mikono pembeni na uchezeshe vidole. Ikiwa huvioni, mwanya ni mfupi au neti imekaribia uso mno, urekebishe sasa. Jambo hili si la urembo, kwa sababu viboko hutoka majini kwenda malishoni jua linapozama, na mtu asiyeona pembeni hatajua amekaa kwenye njia yao.

Baada ya hapo ndipo mabaka. Kata vipande vya tisheti vyenye upana wa sentimita 4 hadi 8, visivyo na umbo maalumu, kingo zake zikiwa zimechanwa kwa mkono badala ya kukatwa kwa mkasi. Kipande kikubwa kuliko vyote ndicho kile cha kuvuka uso kwa mshazari. Vingine vipange kwa jicho, ukiviweka vya giza mahali panapotokeza, yaani paji la uso na kidevu, na vya mwanga kidogo mahali palipobonyea chini ya mashavu, hadi vifunike karibu nusu ya neti. Mbele ya mdomo na pua pabaki wazi, na penye masikio vilevile. Shona kila kipande kwa pointi chache tu badala ya kukizungusha chote, ili kingo zijikunje zenyewe na kutoa vivuli vidogo.

Vipande vyembamba vya kuning'inia, vya sentimita 1.5 kwa 7, ndivyo vinavyowavutia watu na ndivyo vinavyoharibu kazi vikizidi. Thelathini au arobaini vinatosha, vingi vikiwa juu ya kofia na mabegani. Kwenye mafunjo, ambako upepo wa ziwa hupuliza kila alasiri na kila kitu kinayumba, vikicheza havina neno. Chini ya miti ya Kakamega hewa hutulia kabisa, na kipande kimoja kinachotikisika kwa pumzi yako kitamvuta hondohondo akutazame. Kwa hiyo kifuniko cha msituni kiwe na vifupi, navyo vishonwe ncha zote mbili.

Kwa wale wa Nakuru wasioshuka garini, chukua kipande kingine cha neti nyeusi cha mita 1 kwa sentimita 80, kikate tundu la lenzi, kishonee mabaka machache, kisha ukibane juu ya dirisha la gari kwa mlango au kwa vibanio vya nguo. Zima injini. Dirisha la upande wa pili lifungwe au lizibwe, la sivyo mwanga wa nyuma utachora kivuli chako chote kwenye neti.

Kukijaribu

Mwombe rafiki mwenye simu asimame hatua kumi, ishirini na arobaini kutoka ulipoketi, na kila mara akupige picha ukiwa kivulini kisha ukiwa juani. Mnapozitazama pamoja, msiulize kama uso unaonekana. Ulizeni jicho lilitua wapi kwanza. Mara nyingi hutua kwenye saa ya mkononi, kwenye kioo cha miwani, au kwenye mikono yenyewe, ambayo husogea kuliko uso na ambayo watu huisahau. Soksi ndefu za pamba zilizokatwa vidole na kutiwa chai ile ile hufunika mikono vizuri, na gharama yake haizidi ya kikombe cha chai kibandani.

Siku ya kwanza uwandani, fika kabla ya mapambazuko, keti mgongo wako ukiegemea kitu kinene, na jua likiwa nyuma yako ikiwezekana. Vaa kifuniko, kisha usifanye chochote kwa dakika ishirini. Yule tiva wa mafunjo, mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano, ambaye hutafutwa na wageni wengi wanaokuja Dunga, husikika muda mrefu kabla ya kuonekana, na hujitokeza kwenye ukingo wa mafunjo kwa sekunde chache tu. Mtu anayegeuka kila anapomsikia hatampata, hata awe amefunikwa namna gani. Geuza macho kabla ya kichwa, na kichwa kabla ya mabega. Ukiona ndege ameleta chakula kinywani lakini hatui, jua kwamba umeketi karibu na kiota chake, uondoke hata kama hakuna picha uliyopata.

Ukirudi nyumbani, kifuniko kioshwe kwa mkono katika maji baridi na sabuni uliyokwisha ipima kwa ile taa ya noti, kisha kianikwe kivulini, kwa kuwa jua la mchana hupausha rangi ya chai upesi. Wakati wa mvua za masika usikifungie kwenye mfuko wa plastiki kikiwa na unyevu. Neti haitadhurika, lakini pamba itaota ukungu mweupe ndani ya siku chache, na mabaka yenye ukungu yatalazimika kung'olewa na kutiwa rangi upya.